Mtoto Anapoikataa Sahani

Asubuhi pale Baraka, mitumbwi ikisharudi pwani na taa zake zimezimwa, kina mama huanika ndagala mchangani, na harufu yake huingia hata madarasani. Hakuna mtu wa Fizi asiyejua thamani ya chakula. Wengi wetu tumekimbia vita mara mbili au tatu, sufuria kichwani, tukalala porini bila kutia kitu tumboni. Wakimbizi wa Burundi, waliopokelewa Lusenda tangu mwaka 2015, wao wajua hata uzito wa kibaba kimoja cha unga. Kwa hiyo mtoto anayeketi mbele ya bugali na sombe iliyotiwa mawese, akaitazama, akasema “Nimeshiba”, hali hajala tangu jana, hutushangaza kuliko mwizi. Mwizi twamwelewa.

Basi kila mtu hutoa maelezo yake. Bibi husema mtoto amerogwa. Jirani humtazama tumbo, akidhani ni mimba changa. Mwingine, akiiona mifupa ya mabega imejitokeza, hunong’ona neno ukimwi. Maana katika nchi zetu, tangu miaka ya 1980, wembamba umekuwa shutuma, na huko Uganda watu waliupa ugonjwa ule jina lenye maana hiyo hiyo, wembamba. Baba hukasirika, asema ni kiburi cha shule. Na mama hulia.

Ni haki kuanza na magonjwa yaliyo karibu. Minyoo, malaria, kifua kikuu, vidonda vya tumbo, yote hayo huondoa hamu ya kula, na mwuguzi wa kituo cha afya ajua kuyatafuta. Lakini hutokea kwamba vipimo vyote vimekuwa safi, na mtoto azidi kukonda. Ndugu msomaji, makala hii yamhusu mtoto huyo.

Ugonjwa wake waganga wa Ulaya waliuandika waziwazi mwaka 1873, daktari William Gull kule London na daktari Charles Lasègue kule Paris, kila mmoja peke yake, katika mwaka ule ule. Gull ndiye aliyeupa jina la anoreksia nervosa. Jina lenyewe ladanganya kidogo, kwa kuwa katika Kigiriki maana yake ni kukosa hamu ya kula, hali mgonjwa mara nyingi ana njaa kali mchana na usiku. Hakuikosa hamu, anapigana nayo. Kila akiishinda hupata faraja ya muda mfupi, kisha hana budi kuishinda tena kesho. Ugonjwa huu una ndugu yake, bulimia, ambao daktari Gerald Russell wa London aliueleza mwaka 1979: mgonjwa hula kwa siri chakula kingi mno kwa mara moja, kisha hujitapisha kwa aibu na hofu. Huyu wa pili aweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa, hata mama mzazi asijue lo lote.

Mwili ukinyimwa chakula hujifunga kama duka wakati wa vurugu. Moyo hupiga polepole. Mikono na miguu hupoa hata jua likiwa kali. Nywele hukatika. Msichana hukosa hedhi, maana mwili hauna akiba ya kutosha kubeba mimba, nao wajua. Mifupa, ambayo katika miaka hiyo ya ujana ilikuwa ikijenga nguvu ya maisha yote, hubaki dhaifu. Katika magonjwa yanayohesabiwa kuwa ya akili, anoreksia ni mojawapo ya yale yanayoua zaidi. Wengine hufa kwa moyo kusimama. Na katika kila watano wanaokufa nao, yapata mmoja hujiua.

Tena njaa yenyewe huigeuza akili. Jambo hili lilijaribiwa Marekani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kulishwa chakula kidogo kwa muda wa miezi sita, ili madaktari wapate kujua namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Vijana hao hawakuwa na wazimu wo wote. Walakini walipopungua yapata robo ya uzito wao, waliota chakula usiku, walilamba sahani, walikusanya maandishi ya mapishi, waligombana kwa neno dogo, wakajitenga, wakawa na huzuni nzito. Basi mzazi akiona mtoto wake amekuwa mkali, mwongo, mficha chakula, mwenye kuwapikia wengine na yeye asionje, asiseme upesi kwamba pepo amemwingia. Yawezekana anaona kazi ya njaa.

Wengine watasema, “Hayo ni maradhi ya Wazungu waliokinai.” Hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Lakini iko nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, ambayo jina lake lakaribiana na la kwetu: Fiji. Huko, kama kwetu, kumwambia mtu kwamba amenenepa ilikuwa sifa. Televisheni ilifika katika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Daktari Anne Becker aliwauliza wanafunzi wa kike mwaka ule, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 aliwauliza wengine wa rika hilo, na 11 katika kila 100 walisema ndiyo. Miaka mitatu tu! Karibu nasi zaidi, kule Tanzania, watafiti waliwauliza wanawake na wasichana 214 kwa lugha yetu ya Kiswahili, wakatangaza majibu mwaka 2007. Dalili za ugonjwa zilikuwapo, nazo zilizidi kwa wale waliozoea zaidi picha na mambo ya nchi za nje. Leo simu moja pale sokoni Baraka yaleta picha nyingi kuliko televisheni ile ya Fiji.

Hata hivyo picha si sababu ya yote. Habari ya Ghana yatugusa sisi Wakristu kwa karibu. Mwaka 2004 daktari Bennett na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa kike 668 wa shule za sekondari kaskazini-mashariki mwa nchi ile. Waliwakuta 10 waliokonda vibaya pasipo ugonjwa mwingine wo wote ila kujinyima wenyewe. Wote 10 hawakusema habari za unene wala uzuri. Walisema habari za dini: kufunga, kujitawala, kuishinda njaa.

Tuseme wazi. Sheria ya Kanisa katika kitabu cha mwaka 1983 yawataka watu wafunge tangu wanapotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60, nazo siku zenyewe za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kuacha nyama huanza miaka 14. Mtoto wa miaka 14 anayefunga Kwaresima yote hashiki amri yo yote ya Kanisa. Wako watakaonitajia Mtakatifu Katarina wa Siena. Ni kweli, alikula kidogo mno. Na wazazi wake walipotaka kumwoza alizikata nywele zake. Lakini ni kweli pia kwamba watu waliomzunguka walimsihi ale, naye mwishoni hakuweza tena kula hata alipotaka. Alikufa Roma mwaka 1380, umri wake miaka 33. Utakatifu wake haukutoka katika sahani tupu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ni gumu kulisema katika familia zetu, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Ugonjwa huu hupenda kuanza wakati wa balehe. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu ndipo mwili unapobadilika bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Watoto wengi huona haya kidogo, kisha huzoea. Lakini wako wachache ambao badiliko hilo kwao ni kama msiba. Hao ni wale ambao tangu utoto hujiona ndani ya nafsi kwamba si wa jinsia ile ambayo watu huwahesabia: aliyeandikwa msichana hujiona mvulana, au aliyeandikwa mvulana hujiona msichana. Dhiki inayotokana na hali hiyo madaktari wa Marekani waliipa mwaka 2013 jina la disforia ya jinsia. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliiondoa hali yenyewe katika sehemu ya magonjwa ya akili, likaonya pia kwamba mwenendo na mapendeleo peke yake si sababu ya kumhesabu mtu hivyo. Msichana anayependa mpira, au mvulana anayependa kupika, hana ugonjwa wala hali hiyo. Ana mapenzi yake tu. Wala tusiwachanganye na wale waliozaliwa na viungo visivyokuwa wazi vya kiume au vya kike. Hao ni wengine, na Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019: walikuwa 1,524.

Tumfikirie mtoto mmoja. Si mtu fulani. Ni mfano niliouunganisha ili jambo lieleweke. Ana miaka 14, naye ni wa kijiji cha pwani. Cheti chake chasema msichana. Tangu mdogo huvuta nyavu pamoja na kaka zake, na alipokuwa na miaka sita alimwuliza mama ni lini atakuwa mvulana kamili, watu wakacheka. Matiti yalipoanza kuota, alijifunga kitambaa kifuani chini ya blauzi nyeupe ya shule, akakikaza mpaka kupumua kukawa kwa shida. Hedhi ilipokuja alikaa siku mbili chooni na nyuma ya nyumba, akilia. Kisha akaugua malaria, hakula vizuri kwa majuma mengi, akakonda, na mwezi uliofuata hedhi haikuja. Wala mwezi wa pili. Mtoto huyo akagundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba njaa yaweza kuusimamisha mwili. Kwaresima ilipofika alipata kisingizio. Pasaka ikapita naye angali akifunga.

Je, mtoto huyu anataka uzuri? Hata kidogo. Anataka mwili usiendelee. Njaa kwake imekuwa dawa, dawa mbaya inayoua, lakini hakuna mwingine aliyempa nyingine. Yule aliyeandikwa mvulana aweza kujinyima kwa sababu iliyo kinyume, kwamba apate umbo jembamba na laini, asitokeze misuli na mabega. Na wako wanaojinyima kwa kuwa wamechekwa shuleni mpaka chakula kimewashinda, au kwa kuwa tumbo ndicho kitu pekee walichobaki wanakitawala. Kwamba mambo haya mawili huenda pamoja si dhana tu. Katika vyuo vikuu vya Marekani waliulizwa wanafunzi 289,024, na majibu yakatangazwa mwaka 2015. Katika wale waliojitambua kuwa wa jinsia nyingine kuliko ile waliyozaliwa wakihesabiwa, yapata 16 katika 100 walisema kwamba katika mwaka uliopita daktari amewakuta na ugonjwa wa kula. Katika wanawake wengine wa kawaida hawakufika hata 2 katika 100.

Sasa sikiliza, mzazi, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto wetu wa mfano apelekwa hospitali, alazwa, alishwa, aongezeka kilo nane. Wote wamshukuru Mungu. Lakini kilo zikirudi, hedhi nayo hurudi, na kifua hujaa. Kwa mwuguzi hizo ni dalili za kupona. Kwa mtoto ni ule msiba wa kwanza umerudi mlangoni. Baada ya mwezi aikataa sahani tena, na safari hii anajua namna ya kuficha. Tiba iliyohesabu kilo tu ilikuwa nusu ya tiba. Sharti mtu amwulize mtoto, kwa upole na faraghani, swali ambalo hatujazoea kuliuliza: “Mwanangu, ni nini katika mwili wako kinachokuumiza?” Kisha anyamaze angoje jibu, hata likikawia siku tatu.

Najua kwamba swali hilo laogopesha. Mzazi huogopa kwamba akiuliza atakuwa amekubali jambo asilolielewa. Huko nje wataalamu wenyewe hawapatani juu ya hatua zinazofuata. Uingereza, mwezi wa Machi 2024, huduma ya afya ya serikali iliacha kuwapa watoto dawa za kuzuia balehe kama tiba ya kawaida, na mwezi uliofuata ripoti ya daktari Hilary Cass ikasema ushahidi wake ni dhaifu. Vyama vikubwa vya madaktari wa Marekani vilishika maoni mengine. Kanisa nalo limesema neno lake katika hati iitwayo Dignitas infinita, iliyotolewa Aprili 2024, ambayo yapinga nadharia ya jinsia na matendo ya kubadili jinsia, na papo hapo yafundisha kwamba hadhi ya mtu haiondoki katika hali yo yote. Mabishano hayo sitayamaliza mimi, wala hayatamalizika kabla mtoto huyu hajafa njaa. Mzazi hahitaji kuamua leo mtoto atakuwa nani akiwa na miaka 30. Ahitaji kwamba afike miaka 30.

Nisiache kusema kwamba kwetu Fizi mwili wa msichana waweza kuwa adui kwa sababu nyingine pia. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 askari waliwabaka wanawake wengi mjini Fizi. Na mwezi wa Februari mwaka ule mahakama ya kijeshi iliyoketi Baraka ilimhukumu luteni kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20. Wanawake walisimama mbele ya watu wakasema waliyotendewa, jambo la ushujaa mkubwa. Wengine, hapa na kwingineko, hawajasema mpaka leo. Msichana aliyedhulumiwa hivyo aweza kutaka mwili wake upotee, usitazamwe tena na mwanamume, na njaa ni njia ya kuupoteza polepole. Kwa hiyo anayeuliza asiwe amekwisha kujichagulia jibu. Yawezekana ni jinsia, yawezekana ni jeraha, yawezekana ni yote mawili, au ni jingine kabisa.

Na dawa ni ipi? Wasomaji watastaajabu kusikia kwamba tiba iliyosaidia vijana wengi haihitaji mashine. Katika hospitali ya Maudsley, London, yule yule daktari Russell na wenzake waliwatibu vijana pamoja na familia zao, wakatangaza matokeo mwaka 1987. Kwa walioanza kuugua wakiwa wadogo, na ambao ugonjwa wao haujatimiza miaka mitatu, kuwatibu pamoja na familia kulishinda kuwatibu peke yao. Siku hizi njia hiyo yatumika mahali pengi. Wazazi huambiwa kwanza kwamba hawakuuleta ugonjwa, na hivyo waache kulaumiana. Kisha hupewa kazi: wao ndio watakaopakua chakula, na mmoja wao ataketi na mtoto mpaka ale, mara tatu kwa siku, na vitafunio katikati, kila siku, kwa miezi. Hawapigi. Hawatukani. Hawahubiri. Hawafanyi biashara ya “ukila nitakununulia viatu”. Husema tu, “Nakuona kwamba ni vigumu. Nipo. Tonge moja tena.” Uzito ukirudi na akili ikipata nguvu, mtoto hurudishiwa polepole madaraka ya kula kwake, na ndipo mazungumzo mengine hufunguliwa: ya shule, ya marafiki, ya mwili.

Hebu tazama jinsi jambo hili linavyofaa nyumba zetu! Kuketi pamoja kuzunguka sinia moja hatukufundishwa na London. Tulilolipoteza, mijini hasa, ni subira ya kubaki pale wengine wakisharudi kazini. Na hiyo aweza kuitoa shangazi, au bibi, au kaka mkubwa, kama mama yuko shambani. Lakini njia hii ina mpaka wake. Nyumba ambamo mtoto hupigwa au hutukanwa kwa sababu ya jinsi alivyo, haiwezi kumlisha. Huko yatakiwa apatikane mtu mzima mwingine wa ukoo, mwenye moyo mpana, ashike kazi hiyo.

Kwa mtoto wetu wa mfano yako mambo madogo yatakayoupunguza uchungu bila kumaliza swali lo lote. Asisifiwe mbele za watu kwamba “amenenepa, sasa anakuwa mwanamke”. Sifa hiyo, iliyo njema kwa wengine, kwake ni kisu. Kitambaa kile cha kifuani asikikaze mpaka ashindwe kupumua, wala asilale nacho. Siku za hedhi apewe mahali pa siri pa kuogea na kufua. Na shuleni mwalimu asimpime uzito mbele ya darasa, wala asiache wenzake wamwimbie nyimbo za dhihaka. Kuhusu sketi ya buluu, mkuu wa shule mwenye busara aweza kuzungumza na wazazi. Nimeona shule zikitatua mambo makubwa kuliko sketi.

Lugha yetu nayo yasaidia kuliko tunavyodhani. Mwalimu akisema Kifaransa hana budi kuchagua kila mara, il au elle, na kila mara aweza kuchoma. Katika Kiswahili “yeye” hana ume wala uke, na lugha nyingine za Kibantu, pamoja na Kibembe, ziko hivyo hivyo. “Mwanangu” yatosha. “Mjukuu wangu” yatosha. Mzazi asiyejua bado aseme nini juu ya mambo mengine, aweza kuanza na neno hilo pasipo kudanganya wala kuumiza.

Kuna hatari moja ambayo sharti kila jamaa aijue. Mtu aliyekaa na njaa kwa majuma mengi asilishwe ghafula chakula kingi. Mwaka 1945 watu waliotolewa katika kambi za vita walikufa baada ya kula, si kabla. Chakula kingi kikiingia mara moja, madini ya fosfati na potasiamu hushuka ghafula katika damu, na moyo waweza kusimama. Aliyekonda vibaya aanzishwe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, tena chini ya macho ya wauguzi. Katika vituo vyetu wamezoea kupima utapiamlo wa watoto walio chini ya miaka mitano kwa ule utepe wa mkono. Wakimwona kijana wa miaka 14 au 15 wasimrudishe nyumbani wakisema amekwisha kuwa mkubwa.

Akizimia, mpelekeni siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mapigo ya moyo yakiwa chini ya 50 kwa dakika mchana, hali ameketi. Au shinikizo la damu likishuka chini ya 90 kwa 45. Au joto la mwili likiwa chini ya nyuzi 35.6, au akitapika damu, au akikataa hata maji. Na akisema kwamba heri afe, au akianza kugawa vitu vyake kwa wadogo zake, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na kamba, visu na dawa za shamba viondolewe nyumbani.

Hospitali ya magonjwa ya akili iitwayo SOSAME, inayoendeshwa na Mabruda wa Mapendo, iko Bukavu, na njia ya kutoka Baraka kupitia Uvira ni ndefu, tena mara nyingine haipitiki kwa ajili ya vita. Ndiyo maana ni vizuri kuanza na mwuguzi aliye karibu, na kuanza mapema. Kabla ya kwenda, mama aandike katika karatasi tangu mwezi gani mtoto alianza kupunguza chakula, anachokula kwa siku kweli kweli na si anachosema, kama hutapika, hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, na maneno yo yote aliyoyasema juu ya mwili wake, yaandikwe kama alivyoyasema yeye. Mtoto aisome karatasi hiyo kwanza. Akitaka kufuta neno, alifute. Akitaka kuongeza, apewe kalamu.